Koti Kitini, Mwenyewe Barafuni

Wenzangu, leo yamenikuta. Ninyi nyote tuliopunguzwa pamoja pale shirika la pamba, mliobaki mjini na mliokimbilia Kisesa na Kamanga, naandika barua hii moja tu, mpokezane. Naandika nimekaa kando ya jiko, blanketi mabegani, na Mwanza leo jua lilikuwa la kupasua utosi. Vumilieni, mtaelewa.

Kwanza habari njema. Jana niliitwa kiwanda cha samaki, kimojawapo cha hivi vipya vinavyochuna sangara na kupeleka minofu Ulaya. Wanatafuta ofisa ugavi. Wakasema niende leo nifanye kazi siku moja, waniangalie. Wakiridhika, nabaki. Wasiporidhika, narudi nilikotoka. Miaka saba sina ofisi, halafu kila kitu kining'inie kwenye siku moja!

Nilikotoka mnakujua. Miaka yote hiyo mimi na mama Neema tumekaanga mapanki pale Igoma. (Kwa waliokwisha kunenepa wakasahau: panki ni kichwa na mifupa ya sangara inayobaki kiwandani minofu ikishaondoka.) Mgongo wa sangara naujua kuliko mgongo wangu. Lakini nyama yake? Sijawahi kuiona hata siku moja. Na swali hilo limeninyima raha. Hivi huo mnofu wenyewe ukoje? Wanaufunga vipi? Unalala wapi kabla ya kupanda ndege? Mama Neema huniambia, "Baba Neema, udadisi wako utakuja kukuua." Leo ilibaki kidogo tu.

Basi. Asubuhi mama Neema akaninyooshea shati langu jeupe, lile lile la enzi za shirika. Pasi ya mkaa ikatema cheche. Cheche ikatua mgongoni kwa shati. Tundu! Tena si tundu la kuficha kwa pini, ni tundu la kupitisha chungwa. Mama Neema akakaa chini akashika tama. Shati la pili sina, na duka la mitumba lilikuwa bado halijafunguliwa.

"Vaa koti," akasema hatimaye. "Lakini nisikilize vizuri. Leo koti lisitoke mwilini."

"Halitoki."

"Hata ukisikia joto."

"Hata nikiungua, mama Neema."

Nikavaa. Koti lenyewe nilishonewa wakati nina tumbo. Sasa tumbo limekwenda na shirika, koti limebaki, linanizunguka kama mgeni asiyejua akae wapi. Lakini kwa mbele, jamani, nilikuwa ofisa kamili.

Meneja wa kiwanda ni mama wa Kihaya, Bi Koku, mdogo kwangu kwa miaka kumi hivi. Ana adabu sana. Aliniamkia, "Shikamoo mzee Masanja," nikaitikia marahaba, kisha hapo hapo, bila kupumua, akanipa onyo.

"Mzee, mimi nami nimetoka mashirika ya umma. Michezo yote naijua. Kabla yako nimeleta maofisa wawili hapa, wote wanatoka saa nne kwenda kunywa chai mjini, wanarudi saa nane. Nimewarudisha kwao. Hapa ni kampuni ya watu. Nikikuhitaji, nikukute."

"Utanikuta, meneja," nikasema. Na niliapa moyoni. Sikiliza kiapo hicho, kisha sikiliza nilichofanya.

Akanionyesha ofisi. Meza! Kiti cha kuzunguka! Nilikaa nikazunguka mara moja kushoto, mara moja kulia. (Hakuna aliyeniona.) Machozi yalinilengalenga, sioni haya kusema. Unajua mtu ukikaa sana kwenye kigoda unaangalia mafuta yanachemka, unaanza kuamini kwamba ndivyo ulivyoumbwa.

Sasa joto. Bati halina dari, dirisha dogo, jua lote la Mwanza lilikuwa ndani ya koti langu. Nikainuka. Na hapa, wenzangu, ninawaomba mnielewe ninyi kuliko watu wote. Mimi sikuvua koti. Mikono ndiyo iliyovua. Mikono ya mtu wa shirika! Unaingia ofisini, unavua koti, unalivika kiti. Tulifanya hivyo miaka mingapi? Koti likae kitini limwambie kila anayechungulia kwamba bwana yupo, katoka kidogo tu, anarudi sasa hivi. Na bwana mwenyewe yuko soko kuu anabishania bei ya dagaa. Pale kwetu kulikuwa na makoti yaliyostahili kiinua mgongo kuliko wenyewe.

Nilipogutuka, koti lilikuwa kitini, limetulia, limekunja mabega vizuri. Nikajisemea, si niko peke yangu? Nani ataona mgongo? Ngoja nipoe dakika mbili.

Ndipo nikausikia mngurumo.

Ng'uuuu. Ulitoka ukutani, nyuma ya ofisi yangu. Nikafungua mlango, nikaona ujia mfupi, na mwisho wa ujia mlango mwingine, mkubwa, mnene kama godoro, umeachwa wazi kidogo. Moshi mweupe wa baridi unatambaa sakafuni. Pembeni kuna mabuti ya mpira yamepangwa.

Wenzangu, mnofu ulikuwa mle. Nilijua kama mtu anavyojua kwake. Miaka saba nauza mifupa, nyama iko hatua chache kutoka kitini kwangu! Nikajiambia, ofisa ugavi asiyejua ghala lake ni ofisa gani? (Hiyo ni sababu niliyoitunga. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakufa kwa hamu ya kuona.) Nikavuta mabuti, nikayavaa. Yote mawili yalikuwa ya kushoto. Nikaingia hivyo hivyo.

Jamani, ni myeupe! Minofu imelazwa ndani ya maboksi, mmoja mmoja, imetenganishwa kwa karatasi za nailoni, myeupe yenye rangi ya waridi kwa mbali, safi kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Hakuna mfupa hata mmoja! Nilifunua boksi la kwanza, nikafunua la pili. Nikasogea nyuma kabisa kuona kama ya nyuma nayo ni hivyo. Ni hivyo. Nikainama nikanusa. Hainuki chochote! Nikamwonea huruma huyo Mzungu atakayeila bila kuonja utamu wa kichwa.

Nikiwa bado nimeinama nikasikia sauti nje: "Nani kaacha mlango wazi? Baridi yote inatoka!"

Mlango: PWAA.

Aliyesema alikuwa Odhiambo, msimamizi wa chumba hicho, na hakuwa na kosa. Alifunga mlango wake kama anavyofunga kila siku. Nikakimbia (kwa miguu miwili ya kushoto). Ndani kishikio kilikuwa kimevunjika, imebaki bolti tu. Nikagonga. Nikaita, "Fungueni!" Wapi. Mashine inanguruma, kuta nene, sauti yangu ilikuwa inaniishia mwenyewe masikioni.

Sikupata hofu mwanzoni. Nikajisemea, watanitafuta tu. Ofisa mpya hapotei siku ya kwanza watu wanyamaze. Meneja mwenyewe amesema akinihitaji anikute.

Halafu nikakumbuka koti.

Nani atanitafuta? Koti liko kitini! Koti linawaambia wote kwamba nipo! Mimi natetemeka humu na shati lenye dirisha, na kile kitu pekee ambacho kingenipa joto kimekaa kwenye kiti cha kuzunguka, kinanifanyia kazi.

Baridi ilipata njia kupitia lile tundu. Iliingia pale pale, mgongoni, kana kwamba imeelekezwa. Nikachukua boksi tupu nikalipasua, nikalifunga kifuani kwa kamba. Karatasi ya nailoni nikajitanda kichwani. Meno yanagongana. Kisha likaja wazo la mababu: mwili unaopoa ni mwili usiolima. Nikaanza kucheza bugobogobo.

Mnaijua ile ngoma yetu Wasukuma, jembe juu, jembe linarushwa, jembe linadakwa. Jembe sikuwa nalo. Nikachukua ubao mrefu uliovunjika wa kupangia maboksi. Nikaanza polepole, nikaongeza. Nikaimba. Damu ikaanza kutembea. Nikanogewa, wenzangu, sitawaficha. Nikawa narusha ubao, nadaka, nageuka, nainama, naupa mlango mgongo, naupa tena, na kila nikigeuka naimba kwa nguvu zaidi.

Ndipo nikahisi joto mgongoni. Pale kwenye tundu.

Mlango ulikuwa wazi. Sijui tangu saa ngapi. Lori la uwanja wa ndege lilikuwa limefika kuchukua minofu, na pale mlangoni alikuwa amesimama Odhiambo, na wapakiaji, na nusu ya akina mama wachuna samaki na visu vyao mkononi, na katikati yao Bi Koku. Ubao ulikuwa hewani. Sikuudaka. Ulianguka kwenye boksi, boksi likaniangukia mguuni, mguu wa kushoto. (Wa kushoto upi, sijui.)

Mama mmoja akapiga kelele, "Mayoo! Huyu si yule baba wa mapanki wa Igoma?"

Ndiyo basi. Kicheko kilichotoka pale nadhani hata Kamanga mlikisikia. Mwingine akasema, "Kaja kufuata nyama yake!" Mwingine, "Na mgongoni kaachia dirisha apate hewa!" Nikageuka kuficha mgongo, ndipo wakasoma boksi kifuani. Lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa: HIFADHI PENYE BARIDI. Akina mama wawili walikaa chini.

Bi Koku hakucheka. Hilo ndilo lililonitisha. Nikaona jiko la Igoma, nikaona kigoda changu, nikaona mama Neema akiniuliza "imekuwaje?" Nilitamani mlango ufungwe tena.

"Mzee Masanja," akasema, "tangu lini umo humu?"

"Ta-ta-tangu saa nne, meneja."

"Saa nne?"

"Nilitaka kuona minofu."

Akamgeukia Odhiambo. "Lile koti ulishalipeleka?"

"Liko getini, mama. Nimempa mlinzi kama ulivyosema."

Koti? Getini? Bi Koku akashusha pumzi. Kumbe saa nne na nusu alikuja ofisini kwangu na hati za lori. Akakuta kiti, akakuta koti, mtu hakuna. Yule mama katoka mashirika, wenzangu! Watu wengine wakiona koti kitini wanasema bwana yupo. Yeye alipoliona tu akasema huyu keshakwenda mjini kunywa chai, wa tatu huyu. Akaagiza koti lipelekwe getini, mlinzi anikabidhi nikirudi, nisiingie tena.

Yaani nilipokuwa narusha ubao ule, koti langu lilikuwa limeshafukuzwa kazi. Limetangulia nje, linanisubiri.

"Nimefanya kazi shirikani miaka kumi na miwili," Bi Koku akasema, na sasa mdomo ulianza kumcheza. "Nimeona makoti mengi. Leo ndiyo mara ya kwanza nakuta koti liko kitini na mwenye koti kweli yuko kazini."

Akashindwa. Alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nami, kwa meno yanayogongana, nikacheka, ingawa sikuwa na uhakika tunacheka nini. Alipofuta machozi aliniuliza, sasa kwa sauti ya kazi, "Na humo ndani umeona nini?"

Nikamwambia. Kishikio kimevunjika, leo ni mimi, kesho atafia humo mtu. Maboksi ya nyuma yamegusana na ukuta, yameloa chini. Karatasi za nailoni zinakaribia kwisha. Saa nzima kwenye chumba, wenzangu, na macho hayana kazi nyingine! Aliitikia kwa kichwa kila neno. Kisha akasema, "Kishikio kitengenezwe leo. Odhiambo, karudishe koti la mzee." Na kwangu: "Kesho saa moja, ofisa. Lakini hilo koti libaki nyumbani. Silitaki kiwandani kwangu."

Nilirudi nyumbani nimelikunja kwapani. Mama Neema alikuwa mlangoni. Hakuuliza kazi. Alinizunguka, akaona mgongo.

"Koti lilitoka mwilini," akasema.

"Lilitoka, mama Neema. Lilitoka mpaka getini."

Nikamsimulia, nusu ya kwanza akanuna, nusu ya pili akamwaga uji. Sasa analitia shati kiraka huku mabega yanamtikisika, anadhani simwoni. Na ninyi najua mtacheka. Chekeni. Lakini chekeni kwa adabu, maana mnamcheka mtu mwenye kazi.