Sahihi ya Bi. Kemuma

Jumanne, 10 Juni 2025. Sindo.
Nimekasirika hadi chai imenishinda. Mimi na Okari, fundi wa nguo jirani yangu, tunakusanya vitabu vilivyotiwa sahihi na waandishi. Pamela wa maktaba ya Mbita ana kabati moja tu la kioo. Jumapili atachagua: vitabu vyangu au vya Okari. Leo kashika riwaya zetu mbili za Bi. Kemuma dirishani, ukurasa juu ya ukurasa. Sahihi zikafunikana kabisa, hata mikia ya herufi. Akasema hakuna mtu anayeandika jina lake mara mbili sawasawa. Hiyo ni mashine, mkono wa chuma unaoshika kalamu na kufuata mfano. Okari akacheka. Chake pia ni bandia, anacheka nini?

Jumamosi, 14 Juni. Magunga.
Nimekuja kwa Bi. Kemuma mwenyewe, na kitabu kipya. Okari keshatangulia. Huyo mama mwandishi akasema ni Sabato, hashiki kalamu mpaka jua litue. Mimi pia Msabato, ningesahauje? Hasira tu. Tukangoja kwenye benchi, mimi na huyo Mkatoliki. Okari akasainiwa kwanza. Sahihi yake imenyooka. Yangu imepinda, na wino umedondoka. Nikaomba nyingine. Mama akasema mkono umechoka, niridhike. Niridhike!

Jumapili, 15 Juni, asubuhi.
Okari ameenda Misa. Kaniachia kitabu chake nimtunzie, paa lake linavuja. Ananiamini, mjinga huyu. Nimechana ukurasa wangu wenye doa, nikawashia jiko. Kisha nimeegemeza kitabu chake kwenye kioo cha dirisha, nikaifuata sahihi yake polepole kwenye ukurasa wangu wa pili. Imetoka safi.

Jumapili, jioni.
Pamela akaweka kurasa zetu dirishani. Sahihi zikafunikana tena. Akauliza nani ametumia mashine. Okari aliniangalia tu, na hilo limeniudhi kuliko yote. Pamela akampigia Bi. Kemuma simu. Mama akasema cha Machuki, yaani changu mimi, ndicho chenye doa la wino, ukurasa huo uko wapi?

Kabati limekwenda kwa Okari. Eti ananiachia rafu ya chini niweke vyangu. Nimekataa. Simtaki na huruma yake.

Kosa langu nalijua. Nilituliza mkono mno. Safari nyingine nitautikisa kidogo.