Loisi Asiyeonja na Mvinyo wa Harusi ya Anjelina

Sogeeni, enyi makarani wa Makao Makuu, nanyi wakulima wa zabibu mliokomazwa na jua la Ugogo. Zimeni redio, wekeni vikombe chini, mpate kusikia habari za vita visivyomwaga damu hata tone moja, ila vilimwaga mvinyo mwingi sana kwenye shati la Batholomeo.

Ilikuwa mwaka wa tisini na sita, soko lilipokwisha kufunguliwa na maduka ya Dodoma yakajaa kila kilichotoka ng'ambo. Wanunuzi wakubwa wa zabibu walikuwa wamelegea, na wakulima wakaanza kukamua wenyewe mabandani, kila banda na pipa lake, na kila pipa na tabia zake. Katika siku hizo Anjelina, mpiga chapa wa ofisi, alikuwa anaolewa. Baba yake, Mzee Joshua, alikuwa amelima zabibu miaka ishirini.

Ndipo Optatus, baba mkubwa wa bwana harusi, alipoleta barua kutoka Moshi, barua yenye adabu na yenye kuchoma. "Wakwe zetu wapendwa," aliandika, "msijisumbue kwa kinywaji. Waini ya kwenu tumesikia inakwaruza koo. Tutakuja na ya Afrika Kusini, ya maboksi." Mzee Joshua alishinda shambani siku nzima, na Anjelina alilia juu ya taipureta hadi karatasi ikalowa. Mkulima wa zabibu kunyweshwa zabibu za wengine kwenye harusi ya bintiye mwenyewe ni aibu ambayo mtu haisahau.

Kamati ya harusi ikatuma wajumbe wakatafute mvinyo bora wa mabandani. Wajumbe wa kwanza walirudi Jumapili wakiimba, wala hawakukumbuka hata jina la kijiji. Wa pili walikumbuka kijiji, ila walisahau gari huko. Zikabaki wiki mbili, na mwenyekiti, kwa kukata tamaa, akamwelekea Loisi binti Yoramu, Malkia wa Masjala, Mlinzi wa Mafaili, mlokole kwa miaka kumi na mmoja ambaye hata togwa iliyolala hakuigusa.

Loisi akasimama, akaliweka sawa gauni lake. "Ndugu mwenyekiti, mdomo wangu uliokoka, nao hautarudi nyuma kwa ajili ya kamati. Lakini Anjelina ni rafiki yangu, na sitakaa nikimtazama akilia. Nipeni kinywa cha mtu mwingine. Akili nitabeba mimi."

Wakampa kinywa cha Batholomeo wa Mishahara, mwenye ulimi uliosifiwa kuanzia ofisini hadi stesheni, na pikapu ya Elieza, dereva aliyeapishwa asionje. Jumamosi asubuhi jeshi hilo la watu watatu likaelekea kijiji cha Zuzu.

Kwenye banda la kwanza Batholomeo alikunywa, akafumba macho. "Dada Loisi, andika. Hii ndiyo yenyewe." Kwenye la pili akasema, "Futa ile. Hii ndiyo yenyewe." Kwenye la tatu aliliita pipa mheshimiwa, akaliomba likizo. Kufika adhuhuri ulimi ule mashuhuri ulikuwa umeanguka vitani, na mwenyewe amelala nyuma ya pikapu, kofia usoni, shati limelowa mvinyo. Loisi aliutazama ukurasa wake wenye mistari mitatu iliyokatwa, akaogopa kweli. Atamwambia nini Anjelina?

Jioni ile, akipika ugali kwake, ndipo alipokumbuka. Katika kila banda mwenyeji alikuwa ametangulia kunywa kabla ya kumpa mgeni, ili mgeni asiwe na shaka. Ni desturi aliyoiona tangu utoto, kwenye pombe ya babu yake, na kwa kuizoea alikuwa haiangalii tena. Wa kwanza alilowesha midomo tu. Wa pili alimeza upesi, akatazama pembeni. Wa tatu alikunywa amefumba jicho moja, kama mtu anayemeza kwinini. Loisi akauacha mwiko chunguni, akacheka peke yake.

Jumapili, baada ya ibada, Batholomeo aliachwa alale garini tangu mwanzo. Loisi akavamia mabanda ya Chamwino akiwa na macho mawili tu. Aliona wenyeji wanne wakinywa, akawashukuru wote wanne, akaenda zake. La tano lilikuwa la mama mjane aitwaye Emiliana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kigoda."

Emiliana akajaza kikombe, akanywa kidogo kama desturi itakavyo, akaanza kueleza mvua ilivyochelewa mwaka ule. Akanywa tena. Akafika kwenye mbuzi walioingia shambani, akanywa, na alipomaliza habari ya mbuzi kikombe kilikuwa kitupu. Akakitazama kwa haya. "Nisamehe, mwanangu. Hiki kilikuwa chako."

"Usijali, mama. Una madumu mangapi?"

"Lakini hujaonja."

"Nimekuona wewe, mama. Inatosha."

Siku ya harusi Optatus alishuka na maboksi yake kumi na mawili. Kwa heshima ya wakwe alipokea kwanza kikombe cha wenyeji, akanywa. Akanyoosha mkono aongezwe. Alipoongezwa mara ya tatu alisimama.

"Wakwe zetu, nilisema maneno, nayo nayala leo mbele yenu. Nauliza moja tu. Ni ulimi wa nani uliochagua hii?"

Loisi akasimama na soda yake ya chungwa mkononi. "Nimechagua mimi, baba. Sijaonja."

Optatus aliitazama soda, akamtazama mwenye soda. "Basi namshukuru Mungu kwamba hukuonja," akasema, "maana sisi tusingebakiziwa."

Mzee Joshua alicheka hadi akatokwa machozi, na vigelegele vikapasua paa. Iandikwe basi, na watoto wa makarani wafundishwe, kwamba siku ile maboksi kumi na mawili yalirudi Moshi bila kufunguliwa, na kwamba mshindi, peke yake katika jeshi lote la Dodoma, aliwahi ibada ya kesho yake asubuhi.