Gauni la Kijani la Marit

Jumamosi, 13 Aprili
Wiki tatu kabla ya dansi ya kuagana ya shule, na binti yangu Signe hana gauni. Nimetangaza nitampeleka dukani mwenyewe. Shemeji Karin akacheka kwenye simu: "Wewe? Hata soksi zako hazifanani!" Mchokozi. Dada yake, mke wangu Marit, hakuwa hivyo. Miezi mitano tangu tumzike, siku chache kabla ardhi ya hapa Duluth, kaskazini mwa Marekani, haijaganda kwa baridi.
Nina mpango. Kabatini lipo gauni la kijani alilovaa Marit kwenye dansi yetu, tulipokuwa na umri wa Signe. Signe atalivaa. Ila lazima aone ni wazo lake.

Jumapili, 14 Aprili
Dukani. Nikamchagulia magauni mabaya makusudi, akate tamaa. La kwanza lilikuwa na manyoya. La pili kama pazia la ukumbi. Nilipogeuka kidogo tu, akajichukulia la njano. Ole wangu! Mabega ya Signe ni ya muogeleaji, mapana kama yangu, na gauni lile liliyaheshimu. Muuzaji akasema utadhani kashonewa. Signe akajizungusha mbele ya kioo, akatabasamu. Mara ya kwanza tangu Novemba.
Nikasema anaonekana kama ana homa ya manjano.
Tabasamu likazimika. Nilijiona mjanja. Akalirudisha la njano, tukaenda nyumbani mikono mitupu.

Jumatano, 17 Aprili
Nililiacha la kijani kitandani kwake, kana kwamba limekwenda lenyewe. Akalijaribu kwa kunihurumia. Marit alikuwa mwembamba kama unyasi. Zipu ikafika katikati ya mgongo, ikagoma. Nikamwambia abane pumzi. Akabana. Nikavuta.
Chaaa! Toka kwapani hadi kiunoni.
Akalia, na si kwa ajili ya kitambaa. "Baba, mimi si mama! Niangalie basi!"
Nikamwangalia. Nikasema litashoneka.

Jumamosi, 20 Aprili
Mashine ya kushonea ya Marit hainijui. Nimeshona gauni pamoja na mkono wa shati langu, nami nikiwa ndani ya shati. Karin akaingia, akanikuta nimenaswa. Nikasubiri kejeli. Wapi! Alinifumua uzi mmoja mmoja, kisha akalinusa gauni. Akasema harufu ya dada yake imeshatoka.
Akalikunja taratibu. Baadaye akanitazama.
"Shemeji, mtoto anaogopa kuvaa anachokipenda, asije akakuumiza."
Nikakubali. Kwa mdomo.

Alhamisi, 25 Aprili
Nimerudi dukani kisirisiri kutafuta gauni jingine la kijani, lenye mabega mapana. Lipo moja! Muuzaji akaniambia nisisumbuke, kuna mama alishalichukua lile la njano la binti yangu. Karin! Nimenuna mchana kutwa. Supu ya samaki imeniungulia.

Jumamosi, 4 Mei
Signe ameshuka ngazi na gauni la njano. Nilimtafuta Marit usoni mwake, kwenye shingo, kwenye namna ya kushika reli ya ngazi. Sikumwona hata chembe. Niliyemwona ni msichana mpana wa mabega, mzuri, wa peke yake. Ndipo nikajua kwamba yule mwingine harudi tena.
Nikalia mbele ya wazazi wa rafiki zake wote, kamera mkononi. Picha zote ni za zulia.
Signe akanikumbatia, akaninong'oneza, "Lakini nimependeza, baba?"
"Umependeza, mwanangu."
Ni kweli tupu. Karin alikuwa akipenga kamasi jikoni.

Jumapili, 5 Mei
Moyo umetulia. Nimejifunza: mtoto ni yeye, si kivuli cha mtu. Nimemwambia hivyo Karin, akanipa mkono.
Mchana Signe akaniambia kabla ya mahafali atakata nywele, ziwe fupi kabisa. Marit hakuzikata zake maisha yake yote. Nikamjibu kama baba mwenye hekima: nywele ni zako, uamuzi ni wako.
Kisha nikampigia msusi wake asimpe nafasi: nikamwarifu kwamba familia yetu inahama mji.