Mwajiri Asiye na Wafanyakazi

Jumatatu, tarehe 17

Mhasibu kaja na uso wa msiba. Mwezi ujao sheria mpya ya ajira inaanza kazi. Kima cha chini cha mshahara kinapanda. Mchango wa mwajiri kwenye pensheni unapanda. Mfanyakazi akiumwa, analipwa tangu siku ya kwanza! Nikauliza, na mwajiri akiumwa? Akasema nisome vifungu. Sisomi. Mtu mwenye akili hutafuta mlango wa nyuma.

Shemeji, kaka wa mke wangu, mwenye duka la dobi linalotazamana na langu, eti ameshawatangazia watu wake viwango vipya. Kwa hiari! Kujipendekeza gani huku?

Jumanne, tarehe 18

Mlango nimeupata. Nilikuwa naoga. Sheria inamhusu mwajiri na mwajiriwa. Asipokuwepo mwajiriwa je?

Nimewaita wote watatu. Mama Mvuke wa pasi. Kimya wa mashine, ambaye sauti yake siijui. Dereva wa kupeleka nguo. Nikawaambia: kuanzia leo nyinyi ni washirika wangu. Hakuna mshahara, tutagawana faida. (Faida nitaipiga hesabu mimi.) Makofi! Dereva alitokwa na machozi. Mke wangu akauliza kama mhasibu anajua. Mke wangu hana imani.

Jumatano, tarehe 19

Nimefika saa nne, kama kawaida yangu. Duka limefungwa, wateja wamejaa kibarazani. Washirika wakaja baada yangu, wanacheka. Mama Mvuke akasema mshirika anafika anapofika mshirika mwenzake. Haniiti Bosi tena. Ananiita “mwenzetu”.

Dereva kaenda na gari la duka kumsalimia mama mkwe wake. Anasema gurudumu moja ni lake, na hawezi kuliacha nyuma.

Sitetereki. Kila jambo jipya lina vumbi lake.

Alhamisi, tarehe 20

Kimya amesema! Sauti nzito, kama ya mtangazaji. Amesema mwenyekiti apigiwe kura. Kura tatu kwa moja. Moja ni yangu.

Uamuzi wa kwanza wa Mwenyekiti Mama Mvuke: kazi zote kwa zamu. Zamu yangu, pasi. Mashuka ya hoteli, mteja wetu mkubwa! Nikasema pasi nini, chuma na moto tu. Nikaanza kwa kasi. Kisha simu ikaita.

Shemeji alikuwa mlangoni kwake na kikombe cha chai, ananitazama kama anaangalia mpira.

Ijumaa, tarehe 21

Meneja wa hoteli kaja na shuka mkononi. Katikati, alama ya pasi, rangi ya kahawa.

“Hii nini?”

Nikamwambia ni nembo yetu mpya. Hakucheka. Alivuka barabara na mzigo wake wote, Shemeji akampokea kwa mikono miwili.

Mhasibu naye akatokea. Anasema sheria haiangalii jina, inaangalia kazi. Mtu akifanya kazi kwako, kwa saa zako na mashine zako, ni mwajiriwa hata ukimwita balozi.

Nikakaa juu ya kapu la nguo chafu. Hoteli ikienda, duka linafungwa. Mama Mvuke akaja akakaa kando yangu.

“Mwenzetu, nitakwenda kwa meneja. Ananijua. Lakini uturudishe kuwa wafanyakazi, kwa viwango vipya, uandike na usaini.”

Nikamuuliza kwa nini anakataa ukubwa.

“Mwaka jana nilipiga pasi nina homa wiki nzima, nikiogopa kukatwa. Hukuona nilivyokuwa natetemeka?”

Niliona. Nilidhani ni mtikisiko wa mashine.

Nikamwambia aende kwa meneja.

Jumamosi, tarehe 22

Mashuka yamerudi! Mama Mvuke alimwahidi meneja kwamba mimi sitaigusa pasi tena maishani. Meneja alitaka aambiwe mara mbili.

Nimesaini. Mkono ulikuwa mzito, nimesaini. Dereva kalirudisha gari. Kimya kanyamaza tena. Mama Mvuke akasema, “Asante, Bosi.” Neno tamu kuliko nilivyokumbuka. Nimemwambia mke wangu kwamba nimebadilika, mimi ni mtu mpya.

Jumapili, tarehe 23

Chakula cha mchana kwa wakwe. Shemeji kakaa mbele yangu, simtazami. Shangazi wa mke wangu akasimulia habari za kituo cha wazee anakosaidia. Kuna watu pale wanafua, wanapika, wanafagia kutwa, hawalipwi chochote, na wanashukuru! Nikamuuliza hao wanaitwaje. Wanaojitolea, akasema. Nikamuuliza kama kuna sheria inayowagusa. Mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza.

Wanaojitolea. Nimelisema mbele ya kioo mara kadhaa. Neno zuri, lina heshima. Kesho naanza na Mama Mvuke.