Kipima Mwanga Chenu Hakijawahi Kutunga Uzi

Kwa Mkuu wa Ukaguzi wa Sehemu za Kazi,

Mheshimiwa Mkuu, pole na majukumu. Anayekuandikia ni fundi cherehani wa chumba cha mwisho, nyuma ya duka la misumari, yule wanayemwita Mzee wa Pindo ingawa umri bado unaniruhusu kucheza mpira. Shule niliachana nayo darasa la nne, kwa hiyo nikikosea mahali wewe soma tu mbele.

Juzi mkaguzi wako alikuja na kidude kama rimoti ya televisheni, kina jicho jeupe la plastiki. Akakilaza juu ya cherehani yangu, kikasoma hamsini na nane. Akasema inatakiwa mia tano. Akanitoa nje, akafunga, akabandika karatasi mlangoni: MWANGA HAFIFU. Mkuu, shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anaoa Jumamosi. Leo Alhamisi. Suruali ya suti yake nilitoka nayo begani, imekwisha. Koti liko ndani na halina mikono. Hiyo ndiyo hali ya ndoa yangu mimi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kidude hakikupewa muda. Ukitoka juani ukaingia kwangu, hata wewe utagonga kabati. Wateja wote huligonga. Lakini kaa dakika kumi, mboni inatanuka yenyewe, chumba kinafunguka, unaona mpaka vumbi. Kidude hakikukaa hata dakika moja, tayari kimeshatoa hukumu. Nilimwomba mkaguzi akiache kizoee, akaniambia eti hakizoei, hata kikilala humo hamsini na nane ni hamsini na nane. Sasa kitu kisichozoea mnakitumaje kwa watu?

2. Mkaguzi alisimama dirishani. Ana mwili wa heshima, Mungu amzidishie. Nilipomsogeza kwa adabu, namba ikapanda hadi sabini na moja. Yaani giza lingine alikuja nalo mwenyewe.

3. Jicho halihesabu, linalinganisha. Mimi nyuzi mbili naziweka pamoja, najua ipi ni ipi. Kidude hakijui kama kiko juu ya suti au juu ya sufuria. Nilimpa mkaguzi sindano na uzi, nikamwomba akijaribishe kutunga. Akanuna.

4. Mama watoto amehamia upande wenu. Anasema kidude kikishindwa kinataja namba, lakini macho yangu yakishindwa yananiambia mambo safi. Ofisi yako imeingia mpaka chumbani kwangu, Mkuu.

Kwa hiyo naomba karatasi ibanduliwe leo. Pia kidude kije kwangu kwa mafunzo ya wiki mbili. Kikishindwa, niajirini mimi badala yake. Nitaingia chumba chochote, nitakaa dakika kumi, nitasema panafaa. Sihitaji betri, chai inatosha.

Nisalimie mkaguzi, katibu muhtasari, mlinzi wa getini, na kidude chenyewe, sina kinyongo nacho.

Ni mimi nionaye vizuri,
Fundi, Mzee wa Pindo

Nyongeza: Barua hii nimeiandikia kwenye ngazi, maana ndani mmefunga. Suruali ya shemeji nilikuwa nimeitundika hapa juani ipate hewa. Nimeinua kichwa baada ya sahihi, nikaiona. Mguu wa kulia mweusi. Wa kushoto bluu. Nikajua macho hayajazoea jua, nikasubiri dakika kumi. Bado bluu. Karatasi iacheni hapo hapo, Mkuu. Naomba tu mnifungulie nitoe cherehani, lile koti na kitambaa cheusi, nishonee hapa nje. Na mkaguzi, ile suruali niliyomshonea mwezi uliopita, aiangalie akiwa nje kabla hajaivaa tena. Sasa hivi nafumua mguu wa kushoto. Mama watoto amenishikia upande wa pili, na hilo linaniuma kuliko karatasi yenu.