Mtaalamu wa Baruti wa Midrand

Jumatatu, 3 Julai 2017

Baridi ya kukata masikio. Nyasi za kando ya barabara zimegeuka njano, na jua likizigusa zinatoa mvuke mwembamba kama uji uliotoka jikoni. Nilisimama nikazitazama mpaka nikachelewa kazini dakika ishirini. Sijutii. Zilikuwa nzuri.

Habari kubwa! Mzee wa kaunta ya baruti amestaafu. Tannie Hettie, mwenye duka, mjane wa miaka sabini ambaye sote twamwita Tannie, yaani shangazi kwa Kiafrikana, ametukusanya na kusema Jumatatu ijayo atamchagua mrithi. Ni mimi au Ruphin.

Kaunta ya baruti si mchezo. Duka letu lauza viatu, mahema na tochi za wawindaji, lakini heshima yote iko pale nyuma, kwa wale wanaojaza risasi zao wenyewe nyumbani. Wanakuja na leseni zao, wananunua maganda matupu, fataki za kuwashia, vichwa vya risasi na baruti, na wanaongea kwa sauti ya chini kama watu walio msikitini. Mtu wa kaunta ile huvaa beji ya shaba. Nimeiota beji hiyo miaka minane, nikiwa nyuma kwenye maboksi.

Ruphin ana miaka miwili tu hapa. Kijana wa Lubumbashi, shati kachomekea, kalamu mfukoni. Saa ya chakula anasoma kitabu cha vipimo huku akitafuna. Nimemhurumia. Vitabu havina roho.

Jioni nilimwambia Mayasa kwamba nimekwisha pata kaunta. Aliuliza kama Tannie ana habari. Mke wangu hapendi ndoto zangu ziwe na kichwa bila miguu.

Jumanne, 4 Julai

Nimekisoma kitabu cha vipimo. Kurasa mbili. Namba zimejipanga kama sisimizi waendao msibani. Baruti hii kwa kaliba hii, uzito huu, usizidishe, usibadilishe, usichanganye. Kila mstari ni katazo! Kwenye ukurasa wa tatu nikajikuta natazama dirishani. Wingu moja tu juu ya Midrand nzima, dogo, halina haraka. Likaniingiza katika usingizi wa macho wazi, mpaka Tannie akaniuliza kama nimekufa.

Lakini katika usingizi ule nimepata siri. Mteja hanunui namba. Mteja ananunua kupendwa! Akipewa kopo hivi hivi tu kama mgonjwa apewavyo dawa, atarudi kwa nani? Lakini akipewa kopo lililofungwa kwa karatasi ya kaki, na utepe juu, atalikumbuka jina la aliyelifunga.

Nimechukua vipande vya pazia kwa Mayasa, ambaye hushona nyumbani kwetu hapa Alexandra. Vya rangi ya dhahabu. Aliuliza vya nini. Nikasema vya sayansi.

Jumatano, 5 Julai

Mzigo wa baruti umefika! Miezi mingi rafu ilikuwa tupu. Watu wazima walikuwa wakija, wanauliza, wanaondoka mabega yameshuka. Leo makopo meupe yamejaa rafu nzima.

Tannie alifungua moja kutuonyesha. Lo! Chembe nyeusi, ndogo, zina mng'ao, kama majani ya chai ya mfalme. Nilizitazama nikajiona porini alfajiri, mimi na beji yangu, wawindaji wamenizunguka wakiniuliza, nami nimekaa kimya tu, maana mjuzi hasemi sana. Nikasema kwa sauti, bila kukusudia, kwamba hii kwa rangi yake ni baruti pole, yafaa bunduki ndogo.

Ruphin akanigeukia taratibu.

“Yaya Luqman,” akasema, maana kwao kaka mkubwa huitwa yaya, “baruti haiko chai. Haichagulike na macho.”

Kisha akaeleza, na Tannie akitingisha kichwa kumkubali. Kuna ya bastola, inawaka upesi. Kuna ya bunduki, inawaka polepole. Ukiweka ya bastola ndani ya ganda la bunduki, bunduki inaweza kupasuka usoni mwako. Kwa macho zaweza kufanana kabisa. Ndiyo maana mtu husoma lebo, halafu husoma tena.

Ni wivu huo. Ameona utepe wangu.

Alhamisi, 6 Julai

Siku ya ushindi!

Tannie alikwenda benki. Ruphin alikuwa stoo akihesabu vichwa vya risasi. Kaunta ikabaki kwangu, na wateja wakaja wawili kwa mpigo. Wa kwanza bwana mwenye masharubu mazito, ataka baruti ya bastola. Wa pili Ma Dikeledi wa Soweto, mwalimu mstaafu, ana bunduki ya kaliba ndogo ya kulengea shabaha klabuni kwao. Leseni zao nilizitazama. Majina niliyaandika kitabuni. Yote kwa utaratibu!

Nikateremsha makopo mawili. Nikayafunga kaki, nikayakunja pembe, nikayapiga utepe. Wakati nafunga, njiwa alitua dirishani akaniangalia kwa jicho moja. Sijui tulitazamana muda gani. Nilipogeuka vifurushi vilikuwa vimekaa pamoja kama mapacha waliovishwa kwa sikukuu. Nikampa kila mmoja chake.

Bwana wa masharubu aliguna. Ma Dikeledi aliuliza kwa nini lebo imefichwa. Nikamwambia raha ya zawadi ni kuifungulia nyumbani. Akanitazama juu ya miwani yake kwa muda mrefu sana. Sijawahi kustaajabiwa namna ile.

Ijumaa, 7 Julai

Nimekwisha.

Saa tatu asubuhi bwana wa masharubu amerudi. Kifurushi mkononi, utepe unaning'inia kama ulimi wa mbwa. Ameniuliza kama nataka kumtia wazimu. Aliomba baruti ya bastola, amepewa ya bunduki. Bahati njema duka lilikuwa tupu, Ruphin na Tannie wako nyuma wanapokea maboksi. Nikambadilishia haraka, nikamwomba radhi, nikampa na soksi za bure. Akaondoka akilaani kwa lugha nisiyoijua.

Nikabaki nimeshika kopo. Kisha nikawaza. Kama ya bunduki alipewa yeye, ya bastola amepewa nani?

Ma Dikeledi!

Nikatafuta namba yake kitabuni. Nikapiga. Simu yaita tu. Nikapiga mara sita. Kila ilipoita niliona stoo yake, meza, taa, mikono ya mwalimu inamimina chembe nyeusi, taratibu, kwa kuniamini mimi.

Ruphin alinikuta nimekaa juu ya boksi. Akaniletea maji. Akasema, “Yaya, kama kuko kitu, sema. Tuko wawili hapa.”

Nikajua ni mtego. Nikasema ni jino.

Nilikwenda kuswali Ijumaa, nikaongeza rakaa mbili za kumwombea mwanamke nisiyemjua vizuri. Katika sijda nikapanga mpango. Kesho siji kazini. Nitakwenda Soweto mwenyewe, nitalichukua kopo la hatari, nitampa la kweli, na hakuna atakayejua. Nikamwambia Tannie kwamba jino limezidi, kesho nakwenda kung'oa. Alinitazama kwa huruma ya ajabu. Akauliza, je, hakuna jambo jingine ninalotaka kumwambia? Nikamjibu hakuna. Akasema haya.

Jumamosi, 8 Julai

Nimeandika anwani kwenye kiganja. Kopo sahihi, lile alilorudisha bwana wa masharubu, nililitia mkobani jana kabla ya kutoka dukani, nikaandika jina la Ma Dikeledi kitabuni mara ya pili, kwa mwandiko mdogo.

Teksi ya mjini, ndiyo daladala ya huku, niliipata upesi. Ya Soweto ndiyo ilikuwa shida. Nilikaa dirishani, tukapita milima ya mchanga wa migodi, ya njano, laini, imelala chini ya jua la baridi kama ngamia waliochoka. Nikawaza maziko. Nikaona nimesimama kando ya kaburi, watu wanauliza ni nani aliyefunga utepe. Nikaandaa na hotuba. Ilikuwa hotuba nzuri, hata machozi yakanitoka, na mama wa kiti cha pembeni akanipa karatasi ya kufutia. Nilipozinduka, kituo kilikuwa kimepita zamani. Nikarudi kwa miguu dakika arobaini, nikiuliza njia kwa Kizulu changu cha kununulia mkate.

Nyumba ina geti jekundu. Nikasikia mlipuko.

Pa!

Nilipiga yowe. Nikasukuma geti, nikakimbia mpaka uani, nikiita jina lake, nikiita na jina la Mungu. Ma Dikeledi alikuwa amesimama jikoni, mzima, kashika mfuniko wa sufuria. Mahindi ya bisi yalikuwa yakirukaruka.

Nikakaa chini palepale kwenye saruji. Alizima jiko, akaniletea kiti, akangoja.

Nikamwambia yote. Njiwa, utepe, masharubu. Sijui kwa nini sikudanganya, labda pumzi ya uongo ilikuwa imeniishia njiani. Alinisikiliza kama amsikilizavyo mwanafunzi anayesoma insha mbaya. Kisha akaingia ndani, akatoka na kopo. Halijafunguliwa. Hata kizibo hakijaguswa.

Alisema alifundisha kemia miaka thelathini na mmoja, na hajawahi kumimina kitu bila kusoma lebo mara mbili. Aliisoma juzi, mara tu alipofika nyumbani. Akaliweka kabatini, akafunga kwa ufunguo. Na simu zangu aliziona zote.

Nikauliza kwa nini basi hakupokea.

“Nilitaka kuona kama utakuja,” akasema.

Kisha akasema jambo ambalo limenikaa kifuani. Bunduki ile ilikuwa ya mumewe. Jumapili huja mjukuu wake, msichana wa miaka kumi na tisa, nao hupiga shabaha pamoja, na anayepiga kwanza ni mjukuu. Hakupandisha sauti. Laiti angepandisha.

Tulibadilishana makopo. Alinipa bisi kwenye mfuko wa karatasi. Nilipofika getini akaniambia nisisahau kumsalimia Tannie Hettie. Akaongeza kwamba waliongea naye Alhamisi jioni, kwa simu, kwa kirefu.

Alhamisi!

Jumapili, 9 Julai

Nimelala kutwa. Nimetazama dari. Ina doa la maji lenye umbo la Tanga, mji wa kwetu, na bandari yake.

Kumbe Tannie alijua. Ruphin alijua. Ijumaa nzima walinitazama nikiugua jino lisiloumwa, na wakaniachia mlango wazi niseme.

Nimemsimulia Mayasa. Hakucheka, jambo lililonitisha. Amesema wewe Luqman ungeweza kuua mtoto wa watu. Kisha amesema, lakini ulikwenda. Akanimiminia chai, akarudi kwenye cherehani yake.

Ameuliza vipande vyake vya pazia viko wapi. Nimejifanya nimelala.

Jumatatu, 10 Julai

Tannie aliniita ofisini. Alisema kukosea kopo ni kosa kubwa, lakini mzee aliyestaafu naye aliwahi kukosea, na alikimbia kumwambia kabla kahawa haijapoa. Angenifukuza, alisema, ila Ma Dikeledi amempigia tena Jumamosi, akamwambia kwamba mtu wake amekuja kwa miguu akilia, na mtu wa namna hiyo hafai kabisa kwa baruti lakini hafai kufukuzwa pia.

Kwa hiyo kaunta ni ya Ruphin. Mimi nimepelekwa kwenye viatu.

Ruphin hakujigamba. Alinipa mkono, akasema yaya, siku ukitaka, tutasoma kile kitabu pamoja, ukurasa kwa ukurasa. Beji inamkaa vizuri, Mungu anisamehe. Nikamwambia sawa, nitakuja. Nilikusudia kweli. Kwa dakika kumi hivi nilikuwa mtu mpya.

Alhamisi, 13 Julai

Sikujua! Miaka minane nimeipoteza kwenye maboksi, kumbe kipaji changu kilikuwa viatuni.

Harufu ya ngozi asubuhi, jua limeingia kwa ubavu, buti zimejipanga mbili mbili zikingoja kupelekwa safari. Nilizitazama mpaka nikasikia changarawe za Limpopo zikivunjika chini yake. Na hapo ndipo siri ikanijia. Wale wengine wote wanapima mguu kwa kile kibao cha chuma chenye namba. Namba tena! Mguu hauhitaji kibao. Mguu unasomwa kwa mwendo wa mwenyewe, namna anavyoingia mlangoni, namna anavyouweka chini.

Leo bwana mmoja mrefu ameingia na mkewe. Kesho wanakwenda porini, wiki nzima, kutembea kwa miguu. Alikuwa hajafika nusu ya duka nimekwisha jua. Tisa. Akasema kwa kawaida huvaa kumi na moja. Nikatabasamu. Nikamweleza kwamba watu wengi huishi miaka yote wakivaa namba isiyo yao. Akataka kuzijaribu, nikamwambia ngozi hii hulegea yenyewe baada ya kilomita ishirini. Mkewe alitaka kusema neno, lakini nilikuwa nimekwisha zitia kwenye boksi.

Ruphin akaniuliza kutoka kule kwenye kaunta yake kama nimempima. Maskini! Na ile beji yote.

Bwana yule alizivaa palepale nje, kwenye maegesho, hakuweza kungoja. Nilimwangalia kupitia kioo akielekea garini. Alikuwa akichechemea kidogo, kwa miguu yote miwili, huku ameshika bega la mkewe.

Huo ni mwendo wa mtu mwenye furaha.