Kompresa ya Wapiga Mbizi

Osoro wa Suna alikuwa na kipaji kimoja ambacho hakikuandikwa kwenye kitambulisho chake: aliijua saa ya Wasabato kuliko Wasabato wenyewe. Yeye binafsi Sabato hakuishika. Jumamosi nyingi ungemkuta Migori mjini akiguguna mfupa wa mbuzi. Lakini alijua kwamba mfanyabiashara Msabato, jua la Ijumaa likianza kulegea, huingiwa na haraka ya kufunga duka, kuoga na kuiweka dunia kando. Hapo ndipo Osoro alipojitokeza na noti mkononi. Ng'ombe aliyetajiwa elfu sitini asubuhi, jioni alimchukua kwa arobaini, na mwenye ng'ombe akamshukuru juu yake. Kwa biashara hiyo alijinunulia gari, Probox nyeupe, na Probox ndiyo iliyomlisha yeye, mkewe Beverlyne, na mama mkwe aliyekuwa na maoni juu ya kila kitu.

Jumanne moja alikuwa Homa Bay akitafuta maharagwe ya bei ya huruma. Akaingia katika stoo ya Mama Mong'ina, mjane Msabato kutoka Kisii aliyeuza nafaka karibu na stendi. Akaegemea meza ya mizani, akahisi kuwa si meza. Akainua kitambaa. Chini yake palikuwa na sanduku kubwa la mbao, misumari yake haijaguswa, na ubavuni neno moja ambalo Osoro alilisoma mara tatu: kompresa.

"Mama, hii nayo?"

"Ah, hiyo. Ni ya marehemu. Kuna mradi ulikuja Rusinga kufundisha vijana kupiga mbizi, waokoe watu wakizama ziwani. Mradi ukafa kabla hata haujaanza. Mzee akanunua hiyo mashine kwa mnada. Miaka kumi na moja haijawahi kuwashwa. Ni ya kujaza hewa kwa mitungi ya wapiga mbizi."

Osoro alisikia mpaka "hewa", mengine yakampita. Wiki iliyotangulia, huko Kehancha, Mzee Mirumbe mwenye shimo la dhahabu alikuwa amelalamika kwamba watu wake wanavunja mwamba kwa nyundo kama wafungwa, na kwamba angemlipa vizuri mtu wa kumletea kompresa ya kuendesha drili.

"Na mawe inaweza kuvunja, mama?"

"Haiwezi. Hiyo ni ya kupumua tu."

Osoro akamtazama kwa huruma. Maskini, mume amekufa bila kumwambia alichomwachia! Ndio ugonjwa wa waongo huo, msomaji: ukiwaambia ukweli, wanakuona wewe ndiye hujui.

"Unajua, mama, mimi ni shemasi kwetu Suna," akasema, na sauti yake ikajaa unyenyekevu ambao dakika moja kabla haukuwepo.

Uso wa Mama Mong'ina ukachanua. "Shemasi! Si ungesema mapema? Kwa mtu wa kanisa, nitakupa kwa laki moja na themanini."

"Wacha niiombee kwanza. Nitarudi Ijumaa."

"Ijumaa ni sawa. Lakini uje mapema, shemasi, Sabato isitukute sokoni."

"Mapema kabisa," akaahidi Osoro, ambaye katika maisha yake hakuwahi kumfikia Msabato Ijumaa kabla ya saa kumi na mbili.

Kesho yake alikuwa Kehancha akimwaga sera. Mzee Mirumbe alimsikiliza huku amefumba jicho moja.

"Nitoe laki tatu kwa kitu sijaona?"

"Mzee, toa hamsini tu ya kuanzia. Ni mpya, iko kwa sanduku. Na isipofanya kazi, chukua Probox yangu."

Ni maneno ambayo watu husema tu, kama vile "nife papa hapa". Lakini Mirumbe aliwaita wazee wawili waliokuwa wakipita, akamwambia Osoro ayarudie mbele yao. Osoro akayarudia akicheka. Wazee hawakucheka. Mirumbe akahesabu elfu hamsini, akampa.

Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu, Probox ikasimama mbele ya stoo. Mama Mong'ina alikuwa ameshafunga dirisha moja, na jua limekaa juu ya ziwa.

"Shemasi, na umechelewa!"

"Barabara, mama. Nina elfu themanini, taslimu. Ukikataa, ni mapenzi ya Mungu."

Mama akatazama jua, akamtazama Osoro, akatazama jua tena. "Laki na ishirini."

"Themanini, na dakika zinaisha."

"Aa, shemasi, unaninyonga! Basi lete. Lakini fungua sanduku uione kwanza. Sitaki useme nimekuuzia mbuzi kwenye gunia."

Osoro akajiona anachelewa. Akifungua, mama atapata nafasi ya kufikiri, na mama akifikiri, bei itapanda. "Sina shaka na wewe, mama," akasema, akamwekea noti mkononi. Kisha akalishika sanduku upande mmoja alivute.

"Shemasi!" Mama Mong'ina alishtuka kweli. "Jua ndio hilo limezama. Unabeba mzigo siku ya Sabato?"

Hivyo ndivyo mjanja wa Suna alivyolala kwa kaka yake Mama Mong'ina, akaamshwa alfajiri kwa nyimbo, akapewa kipindi cha lesoni, somo la Biblia la asubuhi, akiongoze kwa sababu ni mgeni na tena shemasi. Aliongoza dakika arobaini bila kutaja mstari wowote uliomo kwenye Biblia. Watu wakamsifu kwa kuwa na mawazo mapya.

Jumapili akaondoka na sanduku. Mirumbe alikuwa amesema mashine ifike ikinguruma, kwa hiyo Osoro akaipeleka kwa Byron, fundi wa pampu pale Suna. Byron akaifungua, akapiga mluzi.

"Buda, hii kitu ni mpya kabisa. Lakini mpira wote umekauka. Belti, filta, na mafuta yake si ya kawaida, mpaka Kisumu."

Ilimla Osoro elfu ishirini na mbili, na siku mbili. Lakini Byron alipovuta kamba mashine ikaitika, ikatulia, ikaimba, na sindano ya kipimo ikapanda pole pole. Osoro akajirekodi kando yake, mkono kiunoni, akiitaja kila spea aliyoweka. Akaitupa video kwenye status yake ya WhatsApp na maneno "Mungu ni mwema". Wa kwanza kuitazama alikuwa Mama Mong'ina, waliyepeana namba Sabato ile, naye akamtumia kidole gumba.

Jumatano Kehancha ilikusanyika kando ya shimo. Byron akaunganisha mabomba. Mashine ikanguruma nusu saa nzima kujaza mtungi mmoja. Kisha drili ikafunguliwa: ikapiga jiwe mara mbili, ikakohoa, ikalala. Mtungi ulikuwa mtupu.

"Ngojeni ijaze tena," akasema Osoro, jasho likimtoka.

Wakangoja nusu saa nyingine. Drili ikapiga jiwe mara mbili.

"Hii ni pumzi ya mtu mmoja," akasema Mzee Mirumbe bila kupandisha sauti. "Mimi nilitaka ya mwamba. Lete funguo."

"Mzee, tuongee..."

Wale wazee wawili walikuwa pale pale. Hawakuhitaji kuambiwa kitu.

"Elfu hamsini zangu zikirudi kabla ya Jumapili, gari lako utalikuta hapa," akasema Mirumbe. "Zisiporudi, shemeji yangu anavuka nalo mpaka wa Sirari."

Osoro hakulala. Haikuwa hofu ya hasara tu. Bila gari lile hakuwa mtu. Alhamisi aliitembeza kompresa Migori nzima kwa mkokoteni. Wa gereji wakasema haijazi magurudumu, italipasua gurudumu na mwenye gurudumu. Wa vyuma chakavu wakatoa mizani. Ijumaa akabaki na mlango mmoja, akakodi pikapu ya kubebea mkaa. Ikapata pancha Rongo, na alipofika Homa Bay ilikuwa saa kumi na mbili na robo.

Mama Mong'ina alikuwa ameshaoga, anafagia kizingiti.

"Shemasi! Karibu Sabato."

"Mama, mashine yako nimekurudishia. Hukuniambia haivunji mawe!"

"Nilikuambia Jumanne ile ya kwanza. Nilisema ni ya kupumua tu."

Osoro akakumbuka, akaanza kulishusha sanduku.

"Basi nirudishie themanini zangu, mama. Nimeshaiwekea spea mpya, inawaka mara moja."

"Niliona video. Ulipendeza." Akafagia kidogo. "Lakini sina mahali pa kuiweka, shemasi. Nimeshanunua meza."

"Sabini."

Mama akatazama ziwa.

"Mama, mimi nahitaji hamsini tu!" Ilimtoka kabla hajaishika. "Gari langu liko Kehancha."

"Pole sana. Basi nitakupa hiyo hamsini, kwa sababu ya gari. Sema haraka, jua linaenda."

Osoro alipokea pesa kwa simu dakika tano kabla ya Sabato kuingia, akamtumia Mirumbe papo hapo, akasema asante, na aliisema kwa moyo. Jumapili asubuhi Probox ilikuwa yake tena. Aliubusu usukani mbele ya wazee wa Kehancha wala hakuona haya.

Jumatatu alikuwa akimpeleka Beverlyne sokoni, simu ikalia. Namba ngeni.

"Fundi Osoro? Naitwa Omwenga, kikundi cha wapiga mbizi, Rusinga. Jana tulichukua ile kompresa kwa Mama Mong'ina."

"Jana?"

"Jana asubuhi. Tumemfuata mwaka mzima! Tulimwambia, mama, kitu imekaa miaka kumi na moja, hatutoi pesa mpaka tuione ikiwaka. Akasema yeye hana pesa ya fundi, tungoje Mungu alete mtu. Sasa juzi usiku, Sabato ilipoisha, akatutumia video yako. Kazi safi, fundi!"

Osoro akaegesha kando ya barabara. "Mlilipa ngapi?"

"Laki mbili na nusu."

Ilimuuma. Alitaka sana kumkasirikia yule mama, akatafuta neno moja la uongo alilomwambia, akatafuta tena, hakulipata.

"Fundi, uko? Mama amesema wewe ni shemasi, na kuihudumia mwaka wa kwanza ni sadaka yako. Tumepanga Alhamisi. Mafuta tutanunua sisi, wewe uje tu na mikono." Simu ikakatika.

"Ni nani?" akauliza Beverlyne.

"Ni kazi, huko Rusinga."

"Na inalipa?"

Osoro akawasha gari.